Mkasi wa Redioni

Simu ya wifi ililia mezani naye yuko bafuni, anajimwagia maji na kuimba. Redio dirishani nayo ikaanza kutoa mlio wa simu inayoita. Watangazaji walikuwa wanampigia yeye.

Nyumba nzima tunajua masharti ya mchezo wao. Ukipokea, usiseme halo. Sema "Redio yetu, raha yetu," na zawadi ni yako. Wifi hutuma namba yake kila siku. Ameshajishindia ndoo, chupa ya chai na mwavuli. Akirudi na zawadi huizungusha uani akijisifu, "Bahati inanijua kwa sura!" Mimi hupiga makofi, roho ikiniuma.

Leo ilikuwa zamu ya mkasi wa fundi. Humu ndani mimi ndiye ninayeshona, na vitambaa nakata kwa wembe. Wifi hata kutunga uzi hajui. Asubuhi aliniambia, "Nikiupata, wifi yangu, nitakatia pakiti za maziwa."

Kidole changu chenye makovu ya wembe kikatua kwenye kitufe. Halo moja tu, na angekosa. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Redio yetu, raha yetu," nikasema.

"Hongeraaa! Naongea na nani?"

"Wifi, nani huyo anapiga?" akaita kutoka bafuni.

Mimi, ambaye hata chumvi dukani naiomba kwa kunong'ona, nikataja jina langu, nikaongeza na la baba.

Redio ikalirudia kwa sauti kubwa.

Bafuni, maji yakanyamaza.