Mshipi wa Mzee Chuma

Kisu kilikuwa tayari kiganjani mwa mkwe wa Mzee Chuma, kimefichwa nyuma ya chupa ya maji, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Macho yote yalikuwa baharini, kwa nduaro.

Samaki aliruka tena, pua yake kama mkuki, mgongo unang'aa buluu, akaanguka kwa kishindo kilichowarushia maji usoni. Fundi saa na mwalimu mstaafu walipiga kelele kama watoto.

"Mvute, Chuma! Usimpe nafasi!"

Mzee Chuma alikuwa amefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma ya boti, fimbo ya kuvulia imepinda mbele yake kama upinde. Jina hilo walimpa wao wawili, enzi za shule, kwa kuwa hakuwahi kusalimu amri kwa mtu. Tangu hapo walikuwa wakisema watakodi boti siku moja, waende kina kirefu, wakamtafute samaki mkubwa kuliko wao. Uzee ukawakuta bado wanasema. Leo hatimaye walikuwa hapa.

Lakini midomo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Marafiki zake hawakuliona hilo, mkwe aliliona. Alfajiri mkewe alikuwa amemshika kola mlangoni. "Moyo wa baba umechoka, na hataki wenzake wajue. Ukimrudisha maiti, usirudi na wewe."

"Baba, mwachie mwalimu fimbo kidogo," mkwe alimnong'oneza.

"Niondokee hapa!" Mzee alikohoa, akavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima.

Upande wa pili wa kiti alisimama baharia, mtu mzima mpole aliyekuwa akifunga ndoana na chambo tangu asubuhi. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni. Hakumtazama samaki, alimtazama mzee.

Mkwe akainama kama anayemnywesha maji. Makali ya kile kisu chake cha kumenyea nyaya za friji yakagusa mshipi.

Paa!

Fimbo ikanyooka. Huko mbele, nduaro aliruka mara moja, huru, akazama. Ilisikika injini tu.

Mzee Chuma ndiye aliyeanza. Alimgeukia baharia, akamporomoshea matusi ambayo mkwe hakujua kama baba yule anayajua. "Fundo gani hili? Mshipi gani huu umenifungia? Samaki wa maisha yangu!"

"Nisamehe, mzee," baharia alisema. "Kosa ni langu."

Kisu kilikuwa kimesharudi mfukoni mwa mkwe, na kilimchoma kama kaa la moto.

Wangeishia hapo, lakini nahodha alishuka kutoka kwenye usukani, uso umemwiva. Wateja walikuwa wamefedheheshwa, na yeye jina lake lilikuwa ndiyo biashara yake. "Tukifunga gati, chukua vitu vyako," alimwambia baharia. "Boti hii usiikanyage tena."

Baharia alimtazama Mzee Chuma kitambo kirefu. Mzee akageuza uso, akatazama maji.

Njia nzima ya kurudi fundi saa na mwalimu walimfariji rafiki yao. Kila walivyosimulia, ndivyo nduaro alivyozidi kurefuka. "Nguvu zako hazina shaka, Chuma. Uzembe wa mtu mwingine, basi." Mzee aliitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani hakugusa chakula. Siku zilizofuata pia hakukigusa. Alikaa kibarazani redio imezimwa, na binti yake alipomuuliza anaumwa wapi, alisema haumwi popote.

"Ni yule samaki," binti alimwambia mumewe jikoni. "Amemliza baba yangu, samaki yule."

Mkwe alikuwa ameokoa moyo wa mtu na kuuvunja kwa mkono huo huo, tena mtu asiye na hatia alikuwa amefukuzwa kwa ajili yake. Mwisho akaenda gatini. Alimkuta baharia kwenye ghala la samaki, anavunja barafu kwa nyundo, vidole vimekufa ganzi.

Alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yakamtoroka. "Pole, kaka," alisema tu.

"Nishapoa. Mzee hajambo?"

"Hali chakula."

Baharia aliweka nyundo chini. "Msalimie. Mwambie asijitese, mimi sina kinyongo naye."

Afadhali angemtukana. Mkwe alirudi nyumbani miguu mizito, akapita sebuleni bila kumsalimia mkewe, akaenda moja kwa moja kibarazani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee.

"Baba, nifukuze nyumbani kwako, unayo haki. Baharia hana kosa. Mshipi niliukata mimi. Niliona unakufa, nikaukata, kisha nikakaa kimya mtu akipoteza kazi."

Mzee Chuma akamshika mkwe mabega kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajasikia vibaya.

"Wewe?" alisema. "Na mimi siku zote hizi silali, maana asubuhi ile, kabla hamjapanda botini, nilimvuta yule baharia pembeni nikamwomba, akinasa samaki mkubwa, awaache rafiki zangu wanione nikipambana kidogo, kisha aukate mshipi."