Tarumbeta ya Sudi

Genge la Chande lilikuwa na mwiko mmoja uwanjani: goli likiingia, hakuna kushangilia kabla Sudi hajapuliza tarumbeta. Siku nne baada ya kumzika Sudi, wakarudi jukwaani na kuilaza tarumbeta yake kwenye kiti chake.

Dakika ya mwisho timu yao ikafunga. Uwanja mzima ukalipuka, ila wao, wapayukaji sita wasiojua kunyamaza, wakageuka kukitazama kile kiti, wakingoja.

"Puliza basi, ndugu yangu," Makame alimwambia Chande, machozi yakimlengalenga.

Chande akaitia mdomoni. Ilinukia tangawizi, ile aliyozoea kutafuna Sudi kila mechi. Mashavu yakamjaa pumzi, akaizuia, asije akaipeperusha ile harufu.