Isale la Jumapili ya Matawi

Kengele ya pili ililia, na Yuditha alikuwa bado hana tawi la Jumapili ya Matawi. Akachuma jani refu la isale pale mpakani mwa shamba, akakimbia nalo.

Njiani akakumbana na wifi yake, yule aliyemng'olea mibuni mitatu ili apande nyanya, wakaacha kusalimiana.

Wifi akalikodolea macho lile jani. Uchagani ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hukatai.

"Nimekusamehe, wifi yangu!" akasema, machozi yakimlengalenga.

Asamehewe yeye, aliyeng'olewa mibuni! Yuditha akafungua mdomo aseme jani ni la kanisani tu. Umande wake ukamchuruzika hadi kiwikoni.

Akamnyooshea.

"Haya, lipokee basi, tunachelewa ibada."