Kisahani cha Kulinganishia

Mhadhiri alikiinua dirishani kisahani cha kuoteshea vijidudu cha msichana aliyekaa chumba kimoja na Eucabeth, na darasa zima likasogea kutazama. Bakteria kutoka udongo wa shamba la majani chai walikuwa wameua kuvu inayoozesha mizizi.

"Hii haiko kwa kitabu chochote," mhadhiri alisema. "Wiki ijayo utawaeleza wakulima wa Bomet wewe mwenyewe."

Eucabeth aliona wivu. Yeye na mwenzake walichota udongo shamba moja, asubuhi moja, na visahani vyake yeye vilijaa kuvu tupu.

Akaiinamia meza ya mwenzake akitafuta kosa, akalipata. Nyuma kabisa kilikaa kisahani cha kulinganishia, kile ambacho hakikutiwa bakteria hata chembe. Humo pia kuvu ilikuwa imekufa, imesinyaa kama utando wa maziwa yaliyopoa. Basi si bakteria walioiua.

Mwenzake akaja mbio, akamshika mkono. "Eucabeth, wewe ndio huwa unaona makosa. Hebu niangalilie kabla sijasimama mbele ya watu. Kuna mahali nimekosea?"

Kiganja chake kilikuwa na joto.

"Hakuna," Eucabeth alisema. "Iko sawa kabisa. Nenda."