Kopo la Mkwe

Mzee Pankrasi alikosa mengi: shahada, meno ya upande wa kushoto, kompyuta, na uso wa kumkabidhi mkwewe kopo lenye choo chake.

Akili hakukosa. Shule ya jioni ilimfundisha kusoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Kwa hiyo Renatha, mke wa mwanawe Tadei, alipomweleza utafiti wake, alielewa: programu ya kompyuta inatambua vijidudu vya tumboni, kisha inaonyesha kila kijidudu kinatengeneza kemikali gani. Wazee wa Ruhuwiko waliombwa choo kidogo tu.

Kidogo, sawa. Lakini mkononi mwa mkwe?

Asubuhi ya kukusanya makopo, Tadei ndiye aliyemleta mkewe kwa pikipiki. Tadei aliwekewa uji, akausogeza kando, akasema ameshiba. Pankrasi akamnyemelea mkewe, Kunegunda, jikoni.

"Jaza wewe, mama Tadei. Choo ni choo."

"Na usomi wako wote huo," mkewe akacheka, akalipokea kopo.

Leo Renatha alirudi peke yake. Hakutaka hata kuketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kompyuta imeonyesha kitu kwenye kopo lako. Kuna kemikali mbaya, na vijidudu vinavyoitengeneza vimejaa. Tumepima tena, tukakuta na damu. Nimekuombea nafasi hospitali ya Peramiho kesho. Tafadhali, baba, usichelewe."

Pankrasi aliitikia kwa kichwa. Uani Kunegunda alikuwa anapepeta mahindi huku akiimba. Aibu yake ndiyo ingemuua mwanamke yule.

Kumwambia mkwe kwa mdomo hakuweza. Renatha alipoondoka, akashika kalamu: "Mwanangu, nisamehe. Kopo lile halikuwa langu, lilikuwa la mama yenu. Nafasi hiyo mpe yeye." Akamwita Kunegunda, akamsomea.

Kunegunda akauweka ungo chini polepole.

"Baba Tadei, siku ile tumbo langu lilikuwa limefunga, na mtoto wa watu anasubiri sebuleni." Akapangusa pumba mikononi. "Tadei alikuwa anaelekea chooni. Nikampa yeye kopo."

Pankrasi akakata maneno "mama yenu", juu yake akaandika "mumeo". Akailamba bahasha kwa ulimi mkavu mpaka ikashika, akatoka kumkabidhi kijana wa bodaboda.