Dawa ya Kutu

Bi Zamoyoni alipopitisha brashi ya dawa kwenye geti la marehemu baba yake, kutu nyekundu iligeuka nyeusi tii.

"Fundi Shomari! Dawa yako imeniunguzia geti!"

"Ndiyo kazi yake, mama," fundi akacheka. "Ikishakuwa nyeusi, tunapaka rangi."

Chini ya komeo, palipobaki rangi ya zamani, mikwaruzo iliyoshika kutu nayo ikawa nyeusi, herufi moja moja: ZAMO.

Bi Zamoyoni akamgeukia mumewe, aliyekuwa akiapa kwa miaka arobaini kwamba hakuwahi kulisogelea geti hili kabla ya posa.

"Nani kaandika?"

"Watoto wa mtaani," akajibu mzee Kibwana, macho chini.

"Watoto gani hao wanaoniita Zamo, jina unaloniita wewe peke yako?"

Fundi alipolitafuta kopo la rangi, alimkuta Bi Zamoyoni amelikalia, akizitazama zile herufi, katulia kama bibi harusi.