Chanjo ya Alhamisi

Karatasi haikuwa chini ya godoro.

Wanjira aliinua godoro lote, akapapasa mbao za kitanda, akachungulia hata ndani ya viatu. Wapi! Ile karatasi ya kliniki, iliyosema kwamba wajawazito watachanjwa Alhamisi, ilikuwa imetoweka. Na katika nyumba yao ya vyumba viwili pale Kangemi, mtu wa kuichukua alikuwa mmoja tu. Thuo, mumewe, alikuwa kazini Naivasha. Baba mkwe alikuwa safarini na lori lake.

"Wanjira!" mama mkwe aliita kutoka jikoni. "Bado umelala? Enda Dagoretti uniletee matumbo ya kuuza. Hizi vidonda za tumbo zimenishika tena, hiyo harufu ya kichinjio siiwezi."

Wanjira alimkuta jikoni amejifunga shali lake zito ingawa jua lilishaanza kuchoma. Hakuthubutu kumtazama machoni.

"Na usipitie mahali," mama mkwe akaongeza.

Ulikuwa mwaka wa homa ya nguruwe. Wiki tatu nyuma, jirani yao Mbithe, mwenye mimba ya miezi mitano, alianza kukohoa Jumapili. Ijumaa wakaambiwa hayupo tena, yeye na mtoto wake tumboni. Tangu siku hiyo Wanjira hakupiga chafya bila kujishika tumbo.

Lakini chanjo nayo ilimtisha vilevile. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili tu, na ile ya kwanza, mwaka uliopita, ilitoka hata hajaizoea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Redioni daktari alisema sindano ile haina neno; sokoni walisema inaharibu mimba changa. Wanjira aliwaamini wote wawili, na ndiyo maana hakuwa akilala.

Mkali kuliko wote alikuwa mama mkwe. Alimzaa Thuo akiwa na miaka kumi na saba, na wateja wageni bado walidhani yeye na Wanjira ni dada. Wangemsikia akifoka wasingedhani hivyo.

"Usithubutu kudungwa hiyo kitu," alimwambia siku nesi alipopita sokoni akigawa karatasi. "Bado hatujui inafanya nini. Huyo mtoto tumemngoja sana."

Kisha, wakikatakata sukuma wiki, akaanza maswali. Hiyo sindano inadungwa wapi? Mkono unauma siku ngapi? Mtu analazwa?

"Na kama mimba ni ya miezi tatu, wanasema aje?"

"Yangu ni miwili, Mama."

"Najua. Nauliza tu."

Ananitega, Wanjira aliwaza. Anataka nijibu upesi ajue kwamba nimeshaenda kuulizia. Akainamisha kichwa na kuendelea kukata mboga.

Asubuhi ile ya Alhamisi hakwenda Dagoretti. Saa nne alikuwa kliniki, kule Upper Hill, ameketi mwisho wa benchi. Wanawake sita walikuwa mbele yake.

"Usiogope, mama," nesi alimwambia alipokuja kumwandikisha. Kifuani alikuwa na kibandiko cha jina: Namalwa. "Hiyo homa ndiyo hatari kwako na kwa mtoto. Lakini ni wewe utaamua. Hatulazimishi mtu."

Heri wangemlazimisha! Akidungwa mimba ikatoka, ukoo mzima utasema aliitoa kwa mkono wake. Asipodungwa akaugua kama Mbithe, hatakuwepo hata wa kulaumiwa. Wanawake mbele yake wakawa wanne, kisha watatu. Wanjira akafumba macho, akamwomba Mungu ampe ishara yoyote ile.

Alipofumbua, mama mkwe alikuwa akiingia mlangoni na ile karatasi mkononi.

Wanjira hakujua alinyanyuka vipi. Alijikuta amejibanza nyuma ya pazia la mahali pa kupimia uzito. Amenifuata! Atanivuta mbele ya watu wote hawa. Atampigia Thuo simu aseme nilitaka kumuua mjukuu wake. Pale pale akaapa kwamba akitoka salama hatarudi tena kliniki hiyo. Heri homa kuliko aibu ya namna hii.

Alimsikia mama mkwe akilipita benchi lote bila kungoja zamu. Nyayo zikasimama hatua mbili kutoka pazia. Wanjira akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sista, naomba unisikize haraka."

Sauti ilikuwa ikitetemeka. Miaka miwili wameishi nyumba moja, na Wanjira hakuwa amewahi kuisikia hivyo.

"Kama umesindikiza mtu, mama, mngojee nje," nesi Namalwa alijibu. "Hapa ndani ni wajawazito peke yao."

"Niko na mimba, sista. Ya miezi tatu." Mama mkwe alishusha sauti. "Nidunge mimi kwanza. Hii yangu hakuna mtu anaingoja. Nikikaa sawa mpaka Alhamisi ingine, nitakuletea bibi ya kijana yangu."